Kiwanda Kinapotishia Kuhama



Wapendwa waamini, kila tarehe 1 Mei Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kumbukumbu iliyowekwa na Papa Pius wa XII mwaka 1955 ili siku ya wafanyakazi duniani ipate nayo mwanga wa Injili. Siku hiyo tunaona maandamano, tunaona fulana mpya, tunasikiliza hotuba. Kesho yake mfanyakazi anarudi kazini na kuyakuta maswali yake pale pale alipoyaacha. Mkataba wangu unakwisha lini? Nikidai haki yangu, nitabaki? Na mwajiri akiamua kuipeleka kazi mahali pengine, watoto wangu watakula nini?

Juma hili tumeona vema kuyatafakari maswali hayo kwa kuutazama mgogoro mmoja wa mbali, uliodumu miaka mingi, nao ni ule wa kampuni ya kuunda ndege ya Boeing ya Marekani na chama cha mafundi mitambo wake, IAM, tawi la wilaya ya 751, katika jimbo la Washington, kandokando ya jiji la Seattle. Huenda msomaji akauliza, ya Seattle yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Ndege zinazotoka katika viwanda hivyo ndizo zinazowabeba ndugu zetu kutoka Dar es Salaam na Nairobi, kwa kuwa Air Tanzania na Kenya Airways zote mbili zinarusha ndege aina ya 787. Isitoshe, silaha iliyotumika katika mgogoro ule inatumika pia katika karakana zetu, ingawa kwetu haiandikwi magazetini.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Mafundi wa Seattle hawakuwa watu wa kunyamaza. Waligoma mwaka 1995, wakagoma mwaka 2005, na Septemba 2008 mafundi wapatao 27,000 walisimamisha kazi kwa karibu miezi miwili. Mojawapo ya hoja zao kubwa mwaka huo ilikuwa kazi yao kupewa makampuni ya nje. Ndege ya 787, iliyokuwa mpya wakati ule, ilikuwa ikiundwa vipande vipande na wazabuni wa nchi mbalimbali, mabawa yakitoka Japani na sehemu za kiwiliwili zikitoka Italia, kisha vyote vikaunganishwa Everett. Mradi huo ulikuwa umekwisha kuchelewa hata kabla ya mgomo.

Oktoba 2009 kampuni ilitangaza kwamba kituo cha pili cha kuunganisha ndege hiyo hakitajengwa Washington, bali North Charleston, katika jimbo la South Carolina, upande wa pili wa nchi. Huko sheria inamruhusu mfanyakazi kukataa kulipa ada ya chama hata kama chama kinamtetea, na vyama vya wafanyakazi vina nguvu ndogo sana. Mwezi mmoja kabla ya tangazo, wafanyakazi wa kiwanda kilichokuwapo hapo walikuwa wamepiga kura ya kukiondoa chama chao. Mapema mwaka 2010 mmoja wa viongozi wakuu wa kampuni alilieleza gazeti la Seattle kwamba sababu kubwa ya uamuzi ule haikuwa mishahara, bali kusimama kwa kazi mara kwa mara.

Maneno hayo ndiyo yaliyozua kesi. Aprili 2011 ofisi ya mwanasheria wa bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliishitaki kampuni kwamba imewaadhibu wafanyakazi kwa kutumia haki yao ya kugoma, haki ambayo sheria ya Marekani inailinda tangu mwaka 1935. Kampuni ilijitetea kwamba hakuna fundi hata mmoja wa Everett aliyepoteza kazi, kwamba iliongeza ajira tu mahali pengine, na kwamba mwenye wateja wanaosubiri hawezi kutegemea mahali pamoja panaposimama kila mkataba unapokwisha. Desemba 2011 pande mbili zilikubaliana juu ya mkataba mpya, chama kikaondoa malalamiko, na kesi ikafutwa. Swali lenyewe, yaani kama kuhamisha kazi kwa sababu ya mgomo ni adhabu au ni biashara, likabaki bila hukumu.

Miaka miwili baadaye lilirudi kwa nguvu zaidi. Kampuni ilikuwa inaanza ndege ya 777X. Novemba 2013 bunge la jimbo la Washington liliipa nafuu za kodi zilizokadiriwa kufikia dola bilioni 8.7 hadi mwaka 2040, ili kazi ibaki. Lakini kampuni iliwataka mafundi nao watoe cha kwao, yaani waiache pensheni yao ya zamani. Mafundi wakakataa kwa asilimia 67. Hapo kampuni ikayaalika majimbo mengine kushindana, na majimbo 22 yakajitokeza na zawadi mkononi. Tarehe 3 Januari 2014 kura ikarudiwa kwa amri ya uongozi wa kitaifa wa chama, kinyume cha ushauri wa viongozi wa wilaya, wakati wanachama wengi wakiwa bado katika likizo ya sikukuu. Safari hii mkataba ulipita kwa asilimia 51.

Tuieleze vizuri hiyo pensheni, maana ndiyo moyo wa habari. Kwa utaratibu wa zamani mstaafu alihakikishiwa kiasi fulani kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Utaratibu mpya ni akiba inayowekezwa katika masoko ya mitaji. Ikipanda, imepanda, na ikishuka, hasara ni ya mzee mwenyewe. Wasomaji wetu wa Tanzania waliofuatilia mjadala wa kikokotoo cha mafao mwaka 2018 hawahitaji kuelezwa zaidi jinsi mtu aliyekaribia kustaafu anavyoumia anapoona hesabu ya uzee wake ikibadilishwa.

Oktoba 2020, katikati ya janga la korona, kampuni ilitangaza kwamba uunganishaji wote wa 787 utahamia South Carolina, na mwaka 2021 ukahama. Basi Everett, mahali ndege hiyo ilipozaliwa, haiunganishi tena 787.

Mkataba ule wa mwaka 2014 ulikwisha Septemba 2024. Viongozi wa chama waliwashauri wanachama kukubali nyongeza ya asilimia 25 kwa miaka minne. Wanachama wakaikataa kwa karibu asilimia 95, na watu 33,000 wakagoma kwa siku 53. Bima yao ya afya ilisitishwa mwishoni mwa Septemba, nayo posho ya mgomo kutoka katika mfuko wa chama ilikuwa dola 250 kwa juma. Waliikataa pia ahadi ya asilimia 35. Tarehe 4 Novemba 2024 walikubali asilimia 38, pamoja na ahadi kwamba ndege mpya itakayofuata itaundwa kwao. Pensheni ya zamani haikurudi.

Je, walikuwa na haki?

Wengine watasema kwamba mafundi hawa, kwa hesabu za kampuni yenyewe, walikuwa wakipata wastani wa zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka. Kwetu hizo ni fedha za waziri. Mtu wa namna hiyo anagomea nini?

Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, wastani huficha mengi. Aliyeanza kazi jana na aliyeanza miaka thelathini iliyopita wanachanganywa katika hesabu moja, na mishahara yote hiyo inatumika katika eneo ambalo kupata nyumba ni ghali kupita kiasi. Mbali na fidia ya kupanda kwa bei, nyongeza ya jumla waliyopewa katika mkataba ule mrefu ilikuwa asilimia moja, mara nne katika miaka minane. Zaidi ya hayo, haki haipimwi kwa kumlinganisha mfanyakazi na maskini aliye mbali, bali kwa kulinganisha anachotoa na anachopewa, na kwa kuangalia kama alipokubali alikuwa huru.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya ujira si halali kwa sababu tu pande mbili zimetia sahihi. Mfanyakazi anayepokea masharti magumu kwa sababu anaogopa baya zaidi, huyo hajakubali. Amelazimishwa, na aliyemlazimisha ametenda udhalimu. Tuipime kura ya Januari 2014 kwa kipimo hicho. Watu wale hawakuulizwa kama mkataba ni mzuri. Waliulizwa kama wanapenda uzee wao au kazi ya watoto wao. Nusu wakachagua hivi, nusu wakachagua vile, na tangu siku hiyo fundi alimtazama fundi mwenzake akijiuliza kura yake ilikuwa ipi. Mkataba unaopatikana kwa njia hiyo una sahihi zote zinazotakiwa, lakini hauna amani. Ndiyo maana miaka kumi baadaye hasira iliyotoka Seattle ilikuwa kubwa kuliko hesabu za mshahara. Hata viongozi wa chama hawakuitambua mapema.

Papa Yohane Paulo wa II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alikiri kwamba mgomo ni njia halali, akasema ni njia ya mwisho, isiyofaa kutumiwa ovyo, na kwamba mfanyakazi asiadhibiwe kwa kushiriki mgomo wa haki. Maneno haya yanazigusa pande zote mbili. Chama kinachogoma kwa mazoea kinawachosha hata walio upande wake. Lakini mwajiri anayesema, kwa sauti au kwa vitendo, kwamba kazi imeondoka kwa sababu mligoma, anaifanya haki hiyo kuwa jina tupu. Haki ambayo ukiitumia unafukarishwa, maskini hawezi kuitumia.

Ndugu wa South Carolina si adui

Hata hivyo, hatuko tayari kusema kwamba kiwanda hakiruhusiwi kuhama. Papa Benedikto wa XVI aliandika juu ya jambo hili katika Caritas in Veritate, waraka uliotoka katikati ya mwaka 2009, miezi michache tu kabla ya tangazo la North Charleston. Alifundisha kwamba kupeleka mtaji na kazi mahali pengine kunaweza kuwa jambo jema kabisa, likiwaletea watu wa huko ujuzi na maendeleo ya kweli. Ubaya unaingia pale kazi inapohamishwa ili kuvuna faida za upendeleo tu au, vibaya zaidi, ili kuwanyonya watu, bila kuwajali walioachwa na bila kuwajenga waliofikiwa.

Watu wa North Charleston walihitaji kazi. Hawakumwibia mtu. Kijana wa huko aliyeajiriwa kuunda ndege alimshukuru Mungu, na alikuwa na sababu ya kumshukuru. Februari 2017 wafanyakazi wa kiwanda hicho walipiga kura juu ya kuwakilishwa na IAM, na karibu robo tatu walikataa. Baadhi ya wanachama wa vyama waliwalaumu. Sisi tunasema, kabla ya kumlaumu aliyekikataa chama, chama kijiulize kama katika miaka ya mgogoro wake kilimwona yule wa Charleston kama ndugu au kama mshindani. Mshikamano unaoishia kwenye mpaka wa jimbo letu ni faida yetu tu, tuliyoivika vazi la mshikamano.

Kosa basi liko wapi? Liko katika kuitumia njaa ya watu wa huku kuwa fimbo ya kuwachapia watu wa kule. Majimbo 22 yalipojipanga mwaka 2013, kila moja lilikuwa linatoa fedha za umma, yaani fedha za shule na za barabara, ili kuinyang'anya Washington kile ambacho Washington nayo ilikuwa imekilipia kwa kodi za wananchi wake. Aliyenufaika na mashindano hayo ni mmoja tu, yule aliyeyaitisha. Maskini wakishindanishwa, anayeshinda huwa si maskini.

Juu ya ubora wa kazi

Jambo jingine lazima lisemwe kwa uangalifu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia aina ya 737 MAX 8, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka na kuua watu wote 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Miezi michache kabla yake, Oktoba 2018, ndege nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua 189. Hatuwezi kusema kwamba kuhama kwa kiwanda ndiko kulikowaua. Ndege hizo ziliundwa Renton, jimboni Washington, mahali penye chama, na uchunguzi ulionyesha mfumo wa kompyuta uliokuwa ukiisukuma pua ya ndege kwenda chini. Januari 2024 kipande cha ubavu wa ndege nyingine ya 737 kiliruka angani kwa sababu boliti nne hazikurudishwa, nayo pia ilikuwa imetoka Renton. Chama peke yake hakimfanyi fundi kuwa mwangalifu.

Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni iliyosifiwa dunia nzima kwa uhodari wa mafundi wake ilizoea kuwatazama mafundi hao kama gharama ya kupunguzwa, na kuutazama ujuzi wao kama kitu kinachoweza kufungwa katika sanduku na kupelekwa popote. Ujuzi hauhamishiki hivyo. Unapokewa na kijana kutoka kwa mzee aliyesimama karibu naye miaka mingi, na mzee huyo anapoondoka na uchungu, mengi hayasimuliwi tena. Na fundi anayeogopa kupoteza kazi huogopa pia kusema, "Hapa pana kasoro, tusimamishe." Abiria wa Nairobi au Mwanza hana njia ya kuisikia hofu hiyo, ingawa anaketi juu yake.

Na sisi je?

Wapendwa, kwetu hapa silaha hii haihitaji majimbo 22. Inatosha msimamizi aelekeze kidole nje na kusema, "Asiyetaka aondoke, wako wengi getini." Walioko getini ndio South Carolina yetu. Ni vijana wetu, wamekaa tangu alfajiri wakisubiri kibarua, na mkono uleule unaowanyima kazi unatumia sura zao kumnyamazisha aliyeko ndani. Ndivyo mikataba ya miezi mitatu mitatu inavyotiwa sahihi bila kusomwa, na ndivyo watu wanavyofanya kazi ya kudumu miaka mingi wakiitwa vibarua.

Sheria zetu si bubu. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotambua haki ya kujiunga na chama na ya kugoma kwa kufuata utaratibu, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kupokea migogoro. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inataja waziwazi haki ya mfanyakazi kugoma. Kinachopungua mara nyingi ni watu wa kuzisimamia haki hizo pamoja, bila ghasia na bila woga.

Kwa hiyo tunawasihi walio katika vyama vya wafanyakazi wahudhurie mikutano na kuuliza ada zao zinatumikaje. Chama ambacho wanachama wake hukikumbuka siku ya mgomo tu kitakuwa na viongozi wasiowajua, kama tulivyoona mwaka 2014 na mwaka 2024. Tunawasihi viongozi wao wasiupeleke mkataba wa hali bora kwenye kura wakati watu wametawanyika, na wasiwasahau vibarua kwa kuwa hawalipi ada. Na walio waajiri, ambao wengi wao tunasali nao Dominika, tunawaomba jambo moja. Ikiwa ni lazima kazi ihame au ipungue, semeni mapema, wekeni hesabu mezani, na msilitumie geti kama hoja. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa una sauti na sauti hiyo inafika kwa Bwana. Tunaamini kwamba sahihi iliyopatikana kwa hofu ina sauti pia.

Mwaka 2025 Baba Mtakatifu mpya, mzaliwa wa Chicago, alichagua jina la Leo, akaeleza kwamba alimkumbuka hasa Leo wa XIII na waraka wake juu ya wafanyakazi. Zimepita zaidi ya miaka 130 tangu waraka ule, mashine zimebadilika kabisa, na bado swali ni lile lile: je, binadamu yupo kwa ajili ya kiwanda, au kiwanda kipo kwa ajili ya binadamu? Everett na North Charleston wanalijibu kila siku kwa namna yao. Sisi tutalijibu Jumatatu asubuhi, tutakapofika kazini, kila mmoja upande wake wa geti.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Tunawatakia nyote Dominika njema.